Der, die, das kwa mtu mwenye ngeli zake

Kijiko ni der, uma ni die, kisu ni das. Vyote vitatu huwekwa kando ya sahani moja, na hakuna Mjerumani atakayekueleza kwa nini lugha yake imevitenga: der Löffel, die Gabel, das Messer. Mwanafunzi wa Kijerumani hukutana navyo katika wiki za mwanzo za A1, na papo hapo huanza kutafuta sababu. Labda kijiko kina uanaume fulani. Labda uma una ulimbwende. Usitafute. Sababu ya namna hiyo haipo, na jioni utakayoimaliza ukiitafuta ingekutosha kujua vyombo vyote vya jikoni.

Nakuandikia wewe unayejiandaa na mtihani wa Goethe-Institut, Nairobi au Dar es Salaam. Wewe muuguzi unayesaka B2 ili cheti chako kitambuliwe Ujerumani. Wewe uliyepata nafasi ya Ausbildung, mafunzo yale ya kazi, na bado unahangaika na sarufi usiku baada ya shughuli za mchana. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin Septemba 2024, na hakuna kifungu ndani yake kinachomsamehe mtu der, die, das. Basi tuanze kazi.

Hizi ni ngeli

Jambo la kwanza ni kuliweka kando neno "jinsia". Vitabu husema Kijerumani kina jinsia tatu: ya kiume, ya kike, na ile isiyo ya kiume wala ya kike. Majina hayo tumeyarithi kwa wanasarufi wa Kigiriki na Kilatini, na kwa mwanafunzi yana madhara: yanamfanya amtafute mwanamume ndani ya meza. Wewe umekua na kitu kilekile chenye jina bora. Der ni ngeli. Die ni ngeli. Das ni ngeli. Ukiongeza wingi, ambao wote huchukua die, unapata nne. Kiswahili kina zaidi ya hizo mara kadhaa, iwe mwalimu wako alizihesabu kwa A-WA na KI-VI au kwa zile namba za wanaisimu wa Kibantu.

Namba zenyewe ni kazi ya Wajerumani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari kutoka Württemberg aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha sarufi ya Kiswahili huko Tübingen mwaka 1850. Wilhelm Bleek, mzaliwa wa Berlin, akazipanga ngeli za lugha za Kibantu kwa namba, kisha Carl Meinhof akaurekebisha mpangilio wake. Kwa hiyo wamewahi kukaa upande wako wa dawati, wakijiuliza kwa nini kiti ni kizuri na meza ni nzuri.

Sasa tazama ngeli inavyofanya kazi. Kiti changu kikuukuu kimevunjika: ile ki- imeenea sentensi nzima. Mjerumani naye anasema mein alter Stuhl, meine alte Tür, mein altes Bett, yaani kiti changu kikuukuu, mlango wangu mkuukuu, kitanda changu kikuukuu. Angalia mwisho wa kivumishi: -r, -e, -s. Ni mwangwi wa der, die, das. Huo ni upatanisho, na upatanisho hauhitaji kufundishwa kwa mtu aliyesema "vitabu vyangu vile viwili vimepotea" kabla hajaota meno ya ukubwani.

Utaniambia: lakini Kiswahili kina kiambishi kinachonionyesha ngeli, na Stuhl haina kitu. Ni kweli, ila si mara zote. Neno "gari" lina kiambishi gani? Na duka, soko, jua? Ukiyaweka kando ya meza, sahani, kalamu na nyumba, hakuna alama usoni mwake inayokuambia kwamba haya ni ya LI-YA na yale ni ya I-ZI. Unajua kwa sababu umesikia "gari limeharibika", "gari la mjomba", "gari hili", tangu hujaanza shule. Hukuikariri ngeli ya gari kwenye jedwali. Uliipokea ikiwa imeshikamana na majirani zake. (Najua, Nairobi na Lubumbashi gari "imeharibika" vilevile, na fundi anakuja. Tutafika huko.)

Hapo ndipo ilipo njia ya kujifunza, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuifafanua tu. Nomino ya Kijerumani usiipokee ikiwa peke yake. Anayeandika daftarini "meza = Tisch" amejifunza neno lisilo na ngeli, na kulirudia baadaye kutamgharimu kazi mara mbili. Andika der Tisch, die Tische, umoja na wingi pamoja kama tunavyofunza kiti-viti. Halafu pembeni weka kifungu kimoja chenye kivumishi: ein alter Tisch. Kwa nini kivumishi? Kwa sababu ein hutumika kwa der na kwa das pia, hivyo ein Tisch na ein Bett havikuambii lolote. Ein alter Tisch na ein altes Bett vinakuambia kila kitu. Kisome kifungu kwa sauti. Sikio lako limezoea kukamata upatanisho kuliko jicho lako linavyozoea jedwali.

Wengine watakushauri uchore masharubu kwenye kila der na hereni kwenye kila die. Mimi sipendi njia hiyo, maana inakurudisha kwenye uanaume wa kijiko. Rangi ni jambo jingine: kalamu ya buluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das, kama vitabu vingi vya darasani vinavyofanya. Rangi haina maana, na ngeli nazo kwa kawaida hazina maana. Zinaelewana.

Yeye, er, sie, es

Mswahili anayejifunza Kijerumani ana tabu mbili zinazopishana njiani. Kwa watu, tuna "yeye" na "a-" visivyojali kama ni baba au mama. Matokeo yake mtu anasimulia habari za dada yake na kila baada ya sentensi mbili anateleza: er arbeitet in Mombasa. Dada amekuwa kaka. Kwa vitu, tabu inatoka kwingine. Wengi wetu tumefika kwenye Kijerumani tukipitia Kiingereza, na Kiingereza kimetuzoesha kwamba kila kisicho mtu kina kiwakilishi kimoja. Basi meza inakuwa es, ufunguo es, barua es.

Dawa ya tabu ya pili ni kuruka Kiingereza na kurudi nyumbani. Ufunguo uko wapi? Uko mezani. Wo ist der Schlüssel? Er liegt auf dem Tisch. Hiyo er haina uhusiano wowote na mwanamume. Ni ile "u-" ya "uko". Die Rechnung, ankara, iko wapi? Sie ni ile "i-". Das Formular, fomu, iko wapi? Es. Ukimsikia Mjerumani akiuita ufunguo er, usisikie "yeye", sikia upatanisho wa ngeli. Fanya zoezi hili ukiwa unatafuta vitu vyako asubuhi: uliza na ujibu kwa Kijerumani, ukitumia kiwakilishi bila kurudia nomino. Ni zoezi la kuchosha na linafaa sana.

Kwa watu hali ni rahisi zaidi: der Mann, die Frau, der Lehrer, die Lehrerin. Kiambishi -in mwishoni humfanya mtu mwanamke na wingi wake ni -innen. Wa kushangaza ni das Mädchen, msichana, anayechukua das kwa sababu ya -chen, kiambishi cha udogo, ambacho hupeleka kila neno kwenye das. Kwetu kijana, kipofu na kiboko wana ki- mbele lakini tunasema "kijana amefika", "kiboko amezama". Uhai unashinda umbo. Kijerumani ni kigumu kidogo hapo: das kleine Mädchen hubaki das. Kwenye kiwakilishi tu ndipo wazungumzaji wengi hulegeza na kusema sie.

Tazama mkia

Kiswahili huonyesha ngeli mwanzoni mwa neno. Kijerumani, pale kinapoamua kuionyesha, huiweka mwishoni. Hii ndiyo habari njema ambayo walimu wengine huichelewesha hadi B1, na sioni sababu ya kuichelewesha.

Anza na -ung. Die Wohnung (nyumba ya kupanga), die Rechnung (ankara), die Prüfung (mtihani), die Versicherung (bima), die Anmeldung (usajili), die Ausbildung. Hapa sisemi "mara nyingi", nasema die. Utakayoona yakikaidi ni maneno mafupi ambamo -ung si kiambishi bali ni mwili wa neno lenyewe, kama der Sprung, mruko. Zifuate -heit, -keit na -schaft: die Krankheit (ugonjwa), die Gesundheit (afya), die Möglichkeit (uwezekano), die Gewerkschaft (chama cha wafanyakazi). Kisha -tät na -ion: die Universität, die Station, die Operation, die Infektion. Kwenye -ion weka akiba ya neno moja unalolihitaji Jumamosi alasiri, das Stadion, uwanja wa mpira. Ukizikamata hizi, karatasi nyingi za ofisini Ujerumani zitakuwa zimekupa ngeli yake bila kuuliza, maana lugha ya ofisi imejaa -ung.

Halafu kuna -e. Maneno yanayoishia -e kwa sehemu kubwa mno ni die, na kwa muuguzi hii ni zawadi: die Spritze (sindano), die Tablette, die Salbe (dawa ya kupaka), die Nase (pua), die Lunge (pafu), die Niere (figo), die Wunde (kidonda), die Decke (blanketi). Die Schule ni humo humo, na shule yetu tuliichukua kwao. Wanaokaidi wana sura zinazotambulika. Wanaume na madume: der Junge (mvulana), der Kollege, der Kunde (mteja), der Löwe (simba). Majina yanayoanza na Ge- na kuishia -e huelekea das: das Gebäude (jengo), das Gebirge (safu ya milima). Yanabaki machache ya kukariri tu bila kubishana nayo: der Name, der Käse (jibini), das Auge (jicho), das Ende.

Upande wa der mkia hauna nguvu hivyo. Kiambishi -er ni cha kuaminika kinapotaja mtendaji au mashine: der Fahrer (dereva), der Lehrer, der Drucker (printa), der Computer. Ni ile kazi ya m-…-ji yetu katika msomaji na mchezaji. Lakini -er zilizomo tu ndani ya neno hutawanyika ovyo: das Fenster (dirisha), das Zimmer (chumba), das Fieber (homa), die Leber (ini), die Schulter (bega), die Nummer. Usizifuate. Mikia -ling, -ismus na -ig ni ya der, ila hutaihitaji kila siku. Utakachohitaji ni makundi ya maana: siku za wiki, miezi, majira na hali ya hewa. Der Montag, der Juli, der Winter, der Regen (mvua), der Schnee (theluji), der Wind. Ndiyo maana tunasema am Montag na im Juli. Am na im zimebeba dem ndani yake.

Das ina -chen na -lein, ina -um (das Visum, das Zentrum, das Museum) na -ment (das Medikament, das Dokument). Ina pia kundi ambalo Mswahili analipata bure. Chukua kitenzi chochote, kipe herufi kubwa, umepata nomino ya das: das Essen, das Lernen, das Leben, das Rauchen. Hiyo ni ngeli yetu ya KU-: kula, kujifunza, kuishi, kuvuta sigara. "Kuvuta sigara kumekatazwa" na Das Rauchen ist verboten ni sentensi pacha. Kitenzi hicho hicho kilichogeuka nomino, Kiswahili na Kijerumani kila kimoja kimekipa ngeli moja isiyobadilika.

Je, maneno ya kigeni? Kiswahili kilipolipokea "kitabu" kutoka Kiarabu, kiliona ki- mwanzoni na kikaunda "vitabu" bila kuomba ruhusa. Wajerumani wamefanya hivyo kwa mikia: Computer imeishia -er, basi der. Ambako mkia hausemi kitu, neno la kigeni mara nyingine hurithi ngeli ya neno la zamani lenye maana ya karibu, mara nyingine hujiamulia. Das Handy (simu ya mkononi), die App, das Team, der Job. Na die Safari, ambayo walituchukulia sisi.

Neno refu lina bwana mmoja

Ugumu wa nomino ambatano za Kijerumani ni wa macho tu. Kwetu bwana hutangulia: katika "gari la wagonjwa", gari ndilo linalotawala, na wagonjwa hawana sauti. Kijerumani hugeuza: bwana hukaa mwisho na ngeli yake ndiyo ya neno zima. Der Krankenwagen ni gari la wagonjwa, kwa sababu Wagen ni der. Das Krankenhaus, hospitali, kwa sababu ya Haus. Die Krankenversicherung, bima ya afya. Die Krankenschwester, muuguzi wa kike, ingawa tangu sheria mpya ya taaluma za uuguzi ianze kutumika Ujerumani mwaka 2020, wanaohitimu mafunzo huitwa Pflegefachfrau au Pflegefachmann. Na hapo tena Frau na Mann ndio wanaoamua.

Kwa hiyo usikariri maneno marefu, kariri mabwana zao. Erlaubnis ni die, basi umeshamaliza die Arbeitserlaubnis (kibali cha kazi) na die Aufenthaltserlaubnis (kibali cha ukaazi). Vertrag (mkataba) ni der: der Arbeitsvertrag, der Mietvertrag, der Kaufvertrag. Schein ni der, na leseni ya udereva ni der Führerschein. Amt (ofisi ya serikali) ni das: das Finanzamt ya kodi, das Standesamt ya ndoa na vizazi, das Jugendamt ya watoto. Behörde ni die, na ofisi utakayoijua kuliko zote ni die Ausländerbehörde, ya wageni. Kwenye daftari lako weka kando kurasa mbili za mabwana wa aina hii. Karte, Stelle, Zeit ni die. Platz, Plan, Raum ni der. Zimmer, Geld, Buch ni das. Kila mmoja ana ukoo mrefu nyuma yake.

Kwa nini die imekuwa der?

Hapa watu hutupa daftari. Umekariri die Schule kwa bidii, kisha unakuta in der Schule, na unadhani ulikariri vibaya. Hukukariri vibaya. Tazama Kiswahili: shule yetu, lakini shuleni kwetu. Nyumba yangu, lakini nyumbani kwangu. Nomino imepewa kazi ya mahali na upatanisho wake umebadilika, na hakuna anayesema nyumba imehama ngeli yake ya kuzaliwa. Kijerumani hubadilisha kibainishi, yaani hiyo der, die, das, kufuatana na kazi ya nomino katika sentensi, kwa hali nne: Nominativ, Akkusativ, Dativ, Genitiv.

Usizibebe zote nne pamoja. Anza na Akkusativ, ambako kinachobadilika ni der peke yake: ich kaufe den Stuhl, die Lampe, das Bett. Kisha Dativ: dem kwa der na das, der kwa die, den kwa wingi. Genitiv inaweza kusubiri hadi uanze kusoma barua za ofisi kwa utulivu. Na Dativ usiikariri kwa jedwali tupu. Ipokee kwa vifungu unavyovitumia kila siku: mit dem Bus, mit der Bahn, nach der Arbeit, im Krankenhaus, zum Arzt, zur Apotheke. Vifungu hivi vina faida nyingine. Zum ni zu dem, zur ni zu der. Ukimsikia mtu anasema zur Post, amekuambia bila kukusudia kwamba posta ni die. Akisema zum Bahnhof, stesheni si die, na imebaki kuchagua kati ya mbili tu. Mtu anayesikiliza hivyo kwenye basi hujifunza ngeli bila kufungua kitabu.

Ukikwama katikati ya sentensi

Mazungumzo hayakusubiri utafute daftari. Ukifika kwenye nomino na ngeli imekimbia, tazama mkia. Mkia ukinyamaza na neno ni la silabi moja, kisia der. Tisch, Stuhl, Kopf, Arm, Fuß, Zug, Brief, Baum zote ni der. Utakosea kwa die Hand, die Tür, das Haus, das Bein, na utaendelea kuishi. Ukiweza, kimbilia wingi, maana huko ni die kwa wote. Unaweza pia kuongeza -chen na kujihakikishia das, ila ukisema das Tischchen, das Stühlchen, das Briefchen mbele ya daktari mkuu wa wadi, utasikika kama mtu anayebembeleza mtoto.

Kuna ujanja mmoja ninaoukataa, nao umeenea: kumumunya kibainishi hadi kiwe "de" isiyojulikana ni ipi. Anayekusikiliza huenda asigundue. Lakini mdomo wako unajifunza kutokujua, na siku ya mtihani utakuwa umeukomaza katika hilo. Afadhali useme kosa kwa sauti ili mtu akusahihishe.

Na kosa lina uzito gani? Rudi kwa gari lililoharibika. Fundi atakuja ukisema limeharibika au imeharibika. Mjerumani naye ataelewa der Wohnung. Atasikia tu kwamba umetoka mbali, jambo ambalo hukulificha. Katika sehemu ya kuandika ya Goethe-Zertifikat B1 mtahini huangalia kama umefanya ulichoombwa, mtiririko, msamiati, na miundo ya sarufi. Makosa ya ngeli yanagusa hiyo ya mwisho. Anayeandika barua kamili yenye der na die zilizopishana yuko salama kuliko anayeandika mistari minne safi akaishia hapo.

Yapo maneno machache ambayo kosa hubadilisha maana, na hayo uyajue mapema. Der See ni ziwa, die See ni bahari. Ziwa Victoria ni der Viktoriasee, bahari ya kaskazini mwa Ujerumani ni die Nordsee. Der Leiter ni mkuu wa kitengo, die Leiter ni ngazi ya kupandia. Das Steuer ni usukani, die Steuer ni kodi. Der Kiefer ni taya, die Kiefer ni msonobari, na kwenye kliniki ya meno watu wataelewa unamaanisha lipi.

Kwa wasomaji wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi

Mnaokuja na Kifaransa mna mali na mna mzigo. Mali ni kwamba mmezoea kitu kama hiki, na mikia kadhaa inakwenda sawa: la situation na die Situation, l'université na die Universität, maneno ya -isme na -ismus. Mzigo ni kwamba ngeli za vitu vya kawaida hazihamishiki. La table lakini der Tisch. La lune lakini der Mond. Le soleil lakini die Sonne. Kuna mtego mmoja wa kuuangalia zaidi, maneno ya -age ambayo Wajerumani waliyachukua kwa Wafaransa. Kifaransa huyaita le: le garage, le massage, l'étage. Kijerumani kiliona -e mwishoni na kuyapeleka yote die: die Garage, die Massage, die Etage. Hivyo kila neno la Kijerumani lililofanana na la Kifaransa liandike upya na kibainishi chake, hata kama una hakika nalo. Hasa kama una hakika nalo.

Kuhusu ratiba, na hili ni la wasomaji wote, maneno machache kila siku yanatosha, mradi uyarudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Programu za kadi kwenye simu, kama Anki, hupanga marudio hayo zenyewe. Ila kadi uziandike mwenyewe: upande mmoja "meza kuukuu", upande wa pili ein alter Tisch. Kadi zilizotengenezwa na wengine mara nyingi huwa na nomino tupu upande wa mbele, na ndiyo kasoro tuliyoanza nayo. Vikaratasi vya kubandika kwenye kabati na mlango vinafaa kwa siku chache za mwanzo; baadaye jicho huvizoea na kuacha kuvisoma, basi vibandue.

Kamusi huandika m kwa der, f kwa die, n kwa das. Vitabu vingine vya darasani hutumia herufi za mwisho: r Tisch, e Tür, s Bett. Mara nyingine utakuta neno limepewa mbili, na si kosa la chapa. Mtindi ni der Joghurt kwa wengi na das Joghurt kwa wengine. Barua pepe ni die E-Mail Berlin, lakini Austria na Uswisi utasikia sana das E-Mail. Cola nayo ni die kaskazini, na das huko Wien. Chagua ile ya mji unaokwenda kuishi, uiandike kwenye kadi, na nyingine uitambue tu ukiisikia.